Miaka Miwili Haifungi Ndoa: Maana ya Neno "Kudumu" katika Sheria ya Nchi na ya Kanisa



Kila mwaka, mpunga unapokwisha kuvunwa katika bonde letu la Majimoto na magunia yakaanza kupelekwa mashineni, ofisi za parokia hupata wageni wenye shauri la aina moja. Huja mama mwenye mtoto mgongoni, pengine na wa pili kamshika mkono, akieleza kwamba mwanamume aliyelima naye misimu miwili au mitatu ameuza mpunga na kuhamia kwa mwanamke mwingine, au amemwambia arudi kwao. Padre anapomwuliza kama walifunga ndoa, jibu huwa lile lile: "Hatukufunga, Baba, lakini tumekaa zaidi ya miaka miwili, na sheria inasema aliyekaa miaka miwili ni mke." Wapo pia wanaume wanaolitumia dai hilo kwa faida yao. Katekista anapowahimiza waache uchumba sugu na kufunga ndoa, hujibu kwamba hakuna haja, kwa kuwa serikali imekwisha kuwahesabu mume na mke.

Dai hilo limeenea vijijini na mijini, na limewaumiza wengi kwa sababu ni nusu ya ukweli. Katika makala hii ningependa tulichunguze kwa kuuliza swali moja: sheria inaposema kwamba jambo fulani ni la kudumu, inamaanisha nini? Tukilijibu vizuri, tutaelewa kwa nini miaka miwili, au hata ishirini, haifungi ndoa.

Neno moja, matumizi mengi

Katika mazungumzo ya kila siku, kitu cha kudumu ni kile kinachokaa muda mrefu. Sheria hailitumii neno hilo hivyo. Mtumishi wa umma aliyeajiriwa kwa masharti ya kudumu anajua fika kwamba kwa kawaida atastaafu, kwa hiari akifikisha miaka 55 au kwa lazima akifikisha miaka 60. Ajira yake inaitwa ya kudumu kwa kuwa siku alipoajiriwa haikuwekewa tarehe ya kwisha kama ile ya mkataba. Mwenzake wa mkataba anaweza kufanya kazi miaka mingi kuliko yeye, kwa kuongezewa mkataba baada ya mkataba, na bado asiitwe mtumishi wa kudumu.

Ndivyo ilivyo kwa ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inamruhusu mwanakijiji kumiliki ardhi kwa haki ya kimila bila ukomo wa muda, ilhali hati inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka huo huo, haiwezi kuzidi miaka 99. Lakini mtu aliyekodi jaruba la mwenzake misimu kumi mfululizo hawi mwenye jaruba kwa sababu amelilima muda mrefu. Kila mkulima wa Majimoto analijua hilo, wala hakuna anayemwonea huruma mpangaji anayedai shamba kwa kuhesabu misimu.

Mfano mkubwa zaidi tunao hapa hapa mkoani Katavi. Ndugu zetu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi walipokelewa na nchi yetu, wakapewa ardhi katika makazi ya Katumba na Mishamo. Walifyeka pori, wakajenga, wakazaa na kuzika wapendwa wao. Watoto na wajukuu wao hawakuijua nchi nyingine. Hata hivyo, kwa miongo minne, kisheria walibaki wakimbizi. Hali yao haikubadilika kwa sababu mwaka wa arobaini ulifika. Ilibadilika kwa tendo: waliomba uraia, wakawa tayari kuuacha wa nchi walikotoka, na Serikali ya Tanzania ikatamka kuwapokea. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000, waliotoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu mkoani Tabora, walitangazwa kuwa raia wa nchi hii. Miaka yote ile ya jasho ilikuwa ushahidi mzuri wa nia yao, lakini ushahidi si uraia.

Katika mifano yote mitatu tunaona jambo moja. Kudumu hakutokani na wingi wa siku zilizopita. Kunatokana na neno lililotamkwa na mwenye uwezo wa kulitamka, juu ya siku zijazo.

Sheria ya Ndoa inasema nini

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo sasa ni Sura ya 29 ya sheria zetu, inaeleza ndoa katika kifungu cha 9 kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu muda wote wa maisha yao. Tutazame neno "unaokusudiwa". Mtunga sheria hakusema kwamba ndoa ni muungano uliodumu, kana kwamba tungesubiri mpaka mazishi ndipo tujue kama watu walikuwa wameoana. Alitazama nia ya wawili hao siku wanapokubaliana. Anayeingia kwa kusudi la kukaa mpaka mavuno, au mpaka aone kama mwenzake atazaa, hajaingia katika kile ambacho sheria ya nchi yenyewe inakiita ndoa.

Ni kweli kwamba sheria hiyo, tofauti na ya Kanisa, inaacha mlango wa talaka. Lakini hata mlango huo si mwepesi kama watu wanavyodhani. Kwa kawaida shauri la talaka haliwezi kupelekwa mahakamani kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama pale mlalamikaji anapopata mateso yasiyo ya kawaida. Kwa kawaida pia ni lazima mgogoro upitie kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na mahakama iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kumwambia mke "rudi kwenu" siku ya kuuza mpunga si talaka mbele ya sheria hii.

Tena, kifungu cha 11 kinatamka kwamba ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi, maadamu wote wawili wanaendelea kuikiri imani yao. Kwa hiyo Serikali nayo inakitambua kiapo kilichotolewa mbele ya altare kuwa kimebadilisha hali ya wawili hao.

Miaka miwili imetoka wapi?

Imetoka katika kifungu cha 160. Kifungu hicho kinasema kwamba ikithibitika kuwa mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya watu wawatambue kuwa mume na mke, itakuwapo dhana kwamba walioana kihalali. Na dhana hiyo inaweza kukanushwa.

Hapo ndipo penye nusu ya ukweli inayowapotosha watu wetu. Dhana ya ndoa si aina nyingine ya ndoa. Ni namna mahakama inavyofikiri inapokutana na watu wasio na cheti: kwa jinsi hawa walivyoishi, na tuchukulie kwamba walioana, mpaka atokee mtu wa kuthibitisha kuwa sivyo. Akitokea na ushahidi wake ukakubaliwa, dhana inaanguka. Mwanamume ambaye tayari ana ndoa hai ya mke mmoja, kwa mfano, hawezi kuhesabiwa kuwa amemwoa mwanamke mwingine kwa sababu tu amekaa naye miaka sita.

Tuone maana yake kwa mama yule aliyekuja ofisini. Kama aliachwa baada ya msimu wa pili, kabla miaka miwili haijatimia, dhana haijazaliwa. Kama alikaa miaka mitano, atalazimika kuthibitisha kwamba majirani waliwajua kuwa mume na mke, na pengine wengine wamekwisha kuhama. Kama mwanamume amefariki, atasimama peke yake mbele ya kikao cha ukoo na mahakama, akibishana na shemeji zake juu ya nyumba aliyofyatulia matofali. Mwenzake mwenye cheti cha ndoa anakitoa tu na kukiweka mezani.

Sikusudii kuibeza sheria hii. Kifungu cha 160 ni cha huruma. Hata dhana inapokanushwa, mwanamke aliyeishi hivyo kwa miaka miwili au zaidi bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa nafuu nyingine ambazo ingezitoa katika shauri la talaka. Aliyeachwa asikate tamaa wala asinyamaze; aende akatafute haki yake, na sisi tumsaidie kufika. Lakini kifungu hicho ni machela. Machela ni chombo cha rehema, humbeba aliyekwisha kuumia. Ila hakuna mtu anayejenga nyumba yake akaweka machela chumbani mahali pa kitanda.

Kanisa linaposema "mpaka kifo"

Sheria ya Kanisa inakwenda mbele zaidi. Kanuni ya 1056 inazitaja sifa mbili za msingi za ndoa: umoja na kutovunjika. Kanuni ya 1134 inasema kwamba katika ndoa halali huzaliwa kifungo ambacho kwa asili yake ni cha daima na cha wawili hao peke yao. Na kanuni ya 1141 inafundisha kwamba ndoa ya wabatizwa iliyofungwa kihalali na kukamilishwa kwa tendo la ndoa haiwezi kuvunjwa na mamlaka yoyote ya kibinadamu, wala kwa sababu yoyote, isipokuwa kifo.

Waamini wengine husikia "daima" wakadhani maana yake ni milele. Sivyo. Alama ya Ubatizo na ile ya Daraja Takatifu hazifutiki kamwe rohoni, ila kifungo cha ndoa kinakoma kwa kifo. Bwana wetu aliwajibu Masadukayo kwamba katika ufufuko watu hawaoi wala hawaolewi, na Mtume Paulo anawafundisha Wakorintho kwamba mume akifa mke yu huru kuolewa, mradi iwe katika Bwana. Basi mjane asitishwe na mtu kwamba anamsaliti marehemu. Daima ya ndoa ni maisha yote ya hapa duniani, bila kubakiza siku hata moja.

Kifungo hicho kinazaliwa na nini? Kanuni ya 1057 inajibu: na ridhaa ya wawili wenye uwezo kisheria, iliyotolewa ipasavyo, wala hakuna mamlaka nyingine inayoweza kuijaza nafasi yake. Padre haiumbi ndoa, wazazi hawaiumbi, wala miaka ya kuishi pamoja haiiumbi. Ndiyo maana kanuni ya 1101 inasema kwamba mtu akiikataa kwa makusudi sifa ya msingi ya ndoa, kama vile kutovunjika kwake, ridhaa yake ni batili hata kama maneno aliyatamka vizuri mbele ya umati.

Hapa inatupasa kuutazama upya ule mtindo wa "tujaribu kwanza." Vijana wengi wanatoroshana na kuanza kuishi pamoja wakisubiri mtoto wa kwanza, ili wahakikishe kwamba mwanamke anazaa. Sheria ya Kanisa inasema wazi, katika kanuni ya 1084, kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Anayejaribu mtu kama anavyojaribu mbegu mpya ya mpunga hajatoa ridhaa ya kudumu. Hata akikaa miaka kumi, amerudia jaribio lile lile mara kumi.

Mambo ambayo kudumu hakumaanishi

Kwanza, kudumu kwa kifungo si amri ya kukaa chini ya kipigo. Kanuni ya 1153 inamruhusu mwanandoa kutengana na mwenzake ambaye anamhatarisha vibaya yeye au watoto, mwilini au rohoni. Na pale kuchelewa kunapoleta hatari, anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Kifungo kinabaki, lakini usalama wa mtu unalindwa. Mshauri wa jumuiya anayemrudisha mama kwenye panga kwa jina la uvumilivu hajaisoma sheria ya Kanisa.

Pili, tamko la ubatili si talaka ya Kikatoliki. Mahakama ya Kanisa haivunji kifungo. Inachunguza kama kilikuwapo tangu mwanzo. Baba Mtakatifu Fransisko alirahisisha mwenendo huo kwa barua yake ya mwaka 2015, akaondoa ulazima wa kupata hukumu mbili zinazolingana na kumpa Askofu wa jimbo nafasi ya kuhukumu kwa njia fupi pale ubatili ulipo dhahiri. Alirahisisha njia ya kuutafuta ukweli. Maana ya kudumu hakuigusa.

Tatu, ahadi ya maisha yote si ya mtoto. Sheria ya Ndoa iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa kuwa na miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Sheria ya Kanisa yenyewe inataja umri wa chini wa miaka 14 kwa mwanamke na 16 kwa mwanamume, na kuliachia Baraza la Maaskofu kuweka umri mkubwa zaidi. Lakini viwango hivyo ni mpaka wa chini, wala havimwambii mzazi kwamba wakati umefika. Mzazi asiyemwamini binti yake kumwuzia gunia moja sokoni atamwaminije kutoa neno la miaka sitini?

Tufanye nini?

Wapo wachumba sugu wengi ambao hawana kizuizi chochote. Wanapendana, wanalea watoto, wanasali. Kinachowazuia mara nyingi ni mahari na sherehe, na hapa sisi sote tuna sehemu ya lawama.

Wazazi na wajue kwamba, hata kwa Sheria ya Ndoa, kutotimizwa kwa mila ya mahari hakubatilishi ndoa. Mahari ni heshima. Isigeuzwe kuwa rehani inayowaweka vijana katika dhambi mpaka ng'ombe wa mwisho afike. Nasi mapadre na halmashauri za parokia tuhakikishe kwamba hakuna mwamini anayeikosa Sakramenti kwa kukosa fedha za ukumbi, suti na keki. Ndoa ya watu wanne, yaani wawili hao na mashahidi wao wawili, mbele ya padre katika Misa ya asubuhi, ni ndoa kamili.

Sheria ya nchi inataka nia ya kuoana itolewe taarifa angalau siku 21 kabla. Sisi tumezoea kutangaza Dominika tatu. Tusiyaone matangazo hayo kuwa usumbufu: ni nafasi ya jamii kuuliza, kama majirani wanavyoitwa shambani mipaka inapopimwa. Baada ya kufunga, wanandoa wadai cheti na wakitunze. Cheti hicho kinamlinda mke nyumba ya familia isiuzwe bila ridhaa yake, na kinamwondolea kazi ya kuthibitisha kwamba alikuwa mke. Na akumbuke kwamba tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa.

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na akina mama wa WAWATA, ninyi mnazijua kaya zenu kuliko padre. Mnapomwona binti amehamia kwa kijana baada ya mavuno, msisubiri miaka miwili ipite. Waendeeni kwa upole, mkaulize swali moja tu kila mmoja wao: "Unakusudia nini?" Wakijibu kwamba wanakusudia maisha, waleteni, tutawaandaa. Mmoja akishindwa kujibu, mwingine amepata kujua mapema kitu ambacho angekijua akiwa na watoto watatu.

Sisi wa Majimoto tunaishi karibu na chemchemi zilizokipa kijiji chetu jina. Maji yake hayakupata moto kwa kukaa juani siku nyingi; hata usiku wa baridi ya Juni yanatoka na moto wake, kwa sababu yanatoka chini nao. Dimbwi la mvua hupashwa na jua mchana kutwa, na jua likizama linapoa. Ndoa nayo hupata kudumu kwake pale inapoanzia, katika neno ambalo wawili wamepeana mbele ya Mungu. Mungu, ambaye ni mwaminifu kwa neno lake, awajalie walio katika uchumba sugu ujasiri wa kulitamka, na waliokwisha kulitamka neema ya kulishika.